Chuma kinapokatika mlimani: kwa nini mabehewa ya treni huachana, na kinachoamua nani atapona

BUKAVU – Katika kona za Ngomo, kati ya Nyangezi na Kamanyola, kila msafiri wa Uvira ameiona picha hii zaidi ya mara moja. Lori limelemewa na mzigo, moshi mweusi unatoka, mwendo umekwisha. Kijana wa konvoyeri anaruka chini akiwa na kipande cha mti au jiwe mkononi, anakimbia nyuma na kulisukuma chini ya gurudumu. Jiwe likishika, abiria waliokaa juu ya magunia wanapumua. Jiwe likiponyoka, hakuna anayejua lori litasimamia wapi.

Bukavu haina treni. Enzi za ukoloni wa Mbelgiji kulikuwa na reli iliyotoka Uvira, ikapita katika tambarare ya Ruzizi na kuishia Kamanyola, chini ya milima hiyo hiyo. Leo haipo tena. Hata hivyo, wakaaji wa mji huu wanategemea reli kuliko wengi wanavyofikiri. Sehemu ya bidhaa zinazoshushwa katika bandari ya Dar es Salaam hupakiwa kwenye treni hadi Kigoma, zikavuka ziwa Tanganyika hadi bandari ya Kalundu mjini Uvira, kisha zikaanza kupanda Ngomo. Na wenye ndugu Kalemie, Kindu, Kamina au Lubumbashi wanajua kwamba huko, msimu wa mvua unapoharibu barabara, treni ndiyo inayobaki kuwa njia.

Ndiyo maana habari za ajali za treni zinapofika Bukavu, swali huwa lile lile la Ngomo: mzigo mzito ukiwa mlimani, ni nini kinachoushika? Kwa treni, jibu liko katika vitu viwili. Cha kwanza ni chuma kinachounganisha behewa na behewa. Cha pili ni breki. Watu wengi hufikiri kwamba chuma kikikatika, basi kila kitu kimekwisha. Ukweli wa mambo ni tofauti, na tofauti hiyo ndiyo inayookoa watu au kuwaua.

Reli iliyoacha makaburi

Shirika la reli la taifa, SNCC, lenye makao makuu yake Lubumbashi, lina mtandao wa kilomita 3.641. Ndilo linalounganisha Lubumbashi na Kamina, Kamina na Kabalo, Kabalo na Kalemie kwenye ziwa, na Kabalo na Kindu. Upande mwingine linafika Kananga na Ilebo. Kipande cha Kalemie hadi Kabalo kilimalizika mwaka 1915, na sehemu kubwa ya njia hizi ilijengwa kabla ya uhuru.

Mwezi wa Agosti 2007, treni ya mizigo ilianguka karibu na Benaleka, kwenye njia ya Ilebo hadi Kananga, na takriban watu 100 wakafariki. Kulingana na taarifa za wakati ule, breki zilishindwa kufanya kazi. Mwezi wa Aprili 2014, makumi ya watu walifariki katika ajali nyingine karibu na Kamina. Usiku wa tarehe 10 Machi 2022, treni ya mizigo iliacha reli katika kijiji cha Buyofwe, jimbo la Lualaba, na mabehewa kadhaa yakatumbukia bondeni. Idadi ya waliofariki ilitajwa kwanza kuwa 60 na kitu, kisha ikafika 75.

Ajali hizi hazikuwa na chanzo kimoja. Lakini zinafanana katika jambo moja: waliokufa wengi hawakuwa na kiti. Walikuwa watu waliopanda treni ya mizigo, juu ya mabehewa au ndani yake, kwa sababu treni za abiria ni chache na barabara ni mbaya. Kwa watu hao, mshtuko wowote kati ya behewa moja na jingine ni suala la kufa na kupona. Wanastahili kujua mshtuko huo unatoka wapi.

Mikono miwili inayoshikana

Chuma kinachounganisha mabehewa, watu wa reli wa Kongo, ambao kazi yao wamejifunza kwa Kifaransa, hukiita atelaji. Kiswahili cha kawaida kinaweza kukiita kiungio. Aina zake ni nyingi. Huko Ulaya, mabehewa mengi bado huunganishwa kwa ndoano na mnyororo wenye skrubu, ambao mfanyakazi huukaza kwa mkono. Kwenye treni nzito za mizigo, kuanzia Marekani mpaka Afrika Kusini, aina iliyoenea zaidi ni ile inayofanana na mkono wa mtu uliokunja vidole nusu.

Mfano mzuri ni watu wawili wanaokunja vidole vya mkono mmoja mmoja na kuvutana. Kila kiungio kina taya moja inayofunguka na kujifunga. Mabehewa yakigusana, taya hizo mbili zinajifunga zenyewe, na pini ya chuma inazizuia zisifunguke. Aliyebuni mtindo huo ni Mmarekani Eli Janney, aliyepata hati yake mwaka 1873. Kabla yake, mfanyakazi alipaswa kusimama kati ya mabehewa mawili yanayokaribiana na kuingiza pini kwa mkono. Wengi walipoteza vidole, na wengine maisha. Mwaka 1893 bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyolazimisha makampuni ya reli kutumia viungio vinavyojifunga vyenyewe pamoja na breki za upepo.

Nyuma ya taya kuna mkono mnene wa chuma unaoingia chini ya behewa. Mkono huo haukufungwa moja kwa moja kwenye behewa. Umeegemea springi au mipira migumu inayomeza mshtuko. Kwa hiyo kati ya behewa moja na jingine kuna nafasi ndogo ya kusogea: nyuma kidogo, mbele kidogo. Nafasi hiyo ni ya sentimita chache tu. Lakini mabehewa yakiwa 20, sentimita hizo zinajumlishwa na kuwa mita nzima au zaidi. Hapo ndipo matatizo yanapoanza.

Uzito peke yake hauvunji

Mtu akiona treni inapanda mlima kwa shida, atadhani kiungio kinakatika kwa sababu mzigo ni mzito mno. Hesabu inasema vingine.

Tuchukue treni ya mabehewa 15, kila moja likiwa na tani 60 pamoja na mzigo wake. Jumla ni tani 900. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma husuguana kidogo sana. Kwenye tambarare, kuivuta treni hiyo isimame mwendo wake kunahitaji nguvu ya tani 2 au 3 tu. Mlimani, ambapo reli inapanda mita 1 kwa kila mita 100, uzito wa treni unaivuta nyuma kwa nguvu ya ziada ya tani 9. Mlima ukiwa mara mbili ya huo, ni tani 18. Kwa hiyo hata katika mlima mkali wa reli, kiungio cha kwanza, kile kinachofuata kichwa cha treni na kinachobeba mvuto wote, kinavutwa kwa nguvu ya tani 20 hivi.

Taya mpya iliyotengenezwa vizuri huweza kuvutwa kwa nguvu ya zaidi ya tani 150 kabla ya kukatika. Hata ule mnyororo wenye skrubu wa Ulaya umepangiwa kuhimili kama tani 85. Kwa maneno mengine, chuma kizima, kikivutwa polepole, hakikatwi na treni ya ukubwa huo. Kichwa cha treni chenyewe kingeteleza magurudumu kabla ya kukikata.

Basi kama kimekatika, kuna moja kati ya mambo mawili yaliyotokea, na mara nyingi yote mawili kwa pamoja: treni ilirusha mshtuko, au chuma kilikuwa kimekwisha kuumwa.

Mshtuko unaotembea

Mshtuko unazaliwa na zile sentimita za nafasi kati ya mabehewa. Mashinisti, yaani dereva wa treni, akiondoa kichwa cha treni kwa ghafla, behewa la kwanza linaanza kutembea, kisha la pili, kisha la tatu. Kila moja linaamka kwa kuvutwa na lililotangulia. Kufika behewa la mwisho, sehemu ya mbele tayari ina mwendo. La mwisho linarukishwa kutoka kusimama kabisa. Waliowahi kulala ndani ya treni ya mizigo wanaujua ule mlio: ngo, ngo, ngo, unaotoka mbele na kukimbilia nyuma.

Hesabu ya mshtuko huo inaogopesha. Mabehewa ya nyuma yenye jumla ya tani 300 yakitofautiana na ya mbele kwa mwendo wa mita 1 kwa sekunde, ambao ni mwendo wa mtu anayetembea polepole, na tofauti hiyo ikimalizwa ndani ya sentimita 10 za springi, kiungio kinapokea wastani wa nguvu ya tani 150. Tofauti ya mwendo ikiwa mara mbili, nguvu haiwi mara mbili. Inakuwa mara nne: tani 600. Hakuna taya inayovumilia hiyo.

Ndiyo maana kuendesha treni ndefu si kazi ya nguvu bali ya subira. Mashinisti mwenye ujuzi huivuta treni taratibu mpaka nafasi zote zivutike, ndipo aongeze nguvu. Anapovuka kilele cha mlima, anajua kwamba nusu ya mbele inataka kukimbia kuteremka wakati nusu ya nyuma bado inapanda, na kiungio cha katikati ndicho kinachovutwa pande mbili. Anapopita bondeni, ni kinyume: mabehewa ya nyuma yanasukuma ya mbele, nafasi zinafungana, kisha zinafunguka ghafla treni inapoanza kupanda tena. Njia yenye mabonde na vilima vifupi inachosha viungio kuliko mlima mmoja mrefu.

Breki nazo huzaa mshtuko. Zikikamata mabehewa ya mbele kabla ya ya nyuma, ya nyuma yanakuja kugonga. Mashinisti akiachia breki mapema na kuongeza mwendo wakati mabehewa ya nyuma bado yamekamatwa, anaivuta treni kama mtu anayevuta kamba iliyofungwa kwenye mti.

Ufa ambao macho hayaoni

Jambo la pili ni uchovu wa chuma. Mtu akikunja waya mara moja, hauvunjiki. Akiukunja na kuukunjua mara 20, unakatika mkononi bila nguvu kubwa. Taya ya treni hupitia hali hiyo kwa miaka, mara maelfu kwa maelfu.

Ufa huanzia kwa kawaida kwenye kona ya ndani ya taya, mahali ambapo chuma kinapinda na kubeba mvuto mkubwa zaidi. Taya hizi humiminwa kwenye kalibu, na kama kulikuwa na tundu dogo la hewa au uchafu wakati wa kumimina, ufa unapata pa kuanzia. Kwanza ni mwembamba kama unywele. Kila safari unasogea kidogo. Siku moja sehemu iliyobaki nzima haitoshi tena, na mvuto wa kawaida kabisa, hata ule wa tani 20, unaimaliza.

Fundi akiokota taya iliyovunjika anaweza kusoma historia yake kwa macho. Mahali pa kuvunjika pakiwa na rangi mbili, upande mmoja mweusi au wenye kutu, upande mwingine unang'aa, maana yake ni kwamba ufa ulikuwepo siku nyingi. Sehemu ya kutu ni ya zamani, sehemu inayong'aa ni ya siku ile. Pakiwa pote panang'aa, chuma kilikuwa kizima na mshtuko ndio ulioua. Rangi hizo mbili zinajibu swali ambalo kila baada ya ajali huulizwa kwa hasira: ni kosa la mashinisti au ni kosa la waliopaswa kukagua?

Kuna pia kuchakaa. Taya zinaposuguana kwa miaka zinaliwa, nafasi kati ya mabehewa inaongezeka, na mshtuko unaongezeka pamoja nayo. Hivyo kiungio kilichochakaa kinajivunja chenyewe na kuvunja jirani zake.

Tena, mabehewa huweza kuachana bila chuma chochote kukatika. Taya mbili hushikana kwa kulala upande kwa upande, na zinaweza kuteleza juu na chini. Behewa moja likiwa na springi zilizolegea, au likipita mahali ambapo reli imedidimia kwa sababu ya mbao zilizooza na mawe yaliyosombwa na mvua, taya moja inashuka chini ya nyingine na kuponyoka. Pini iliyochakaa nayo inaweza kuruka. Reli mbovu inafungua treni kama mkono wa mtu.

Taya imewekwa ivunjike

Wahandisi wanajua haya yote, na walifanya uamuzi ambao kwa mtu wa kawaida unashangaza: taya imepangwa iwe sehemu dhaifu kuliko nyingine zote katika kiungio. Ni chuma cha kilo 35 hadi 40. Ikivunjika, wafanyakazi wawili wanaweza kutoa pini, kuondoa kipande kilichobaki na kuweka taya nyingine palepale njiani. Kama taya ingekuwa ngumu kupita kiasi, ungevunjika ule mkono mnene au ungeng'oka uso mzima wa behewa, na behewa hilo lisingeweza tena kuvutwa na mtu yeyote.

Kwa hiyo kukatika kwa taya ni jambo linalotarajiwa. Kwenye reli nzito za dunia hutokea, treni inasimama, wafanyakazi wanabadilisha kipande, safari inaendelea. Hakuna anayekufa. Swali la kweli ni hili: baada ya kukatika, ni nini kinachoshika nusu ya nyuma?

Upepo ukipotea, breki zikamate

Jibu lilitolewa mwaka 1872 na Mmarekani George Westinghouse. Breki yake inafanya kazi kinyume na inavyodhaniwa. Kompresa iliyo kwenye kichwa cha treni inajaza upepo katika bomba linalopita chini ya mabehewa yote, likiunganishwa kati ya behewa na behewa kwa mipira. Kila behewa lina tangi lake. Bomba likijaa upepo, breki zinaachia. Upepo ukipungua katika bomba, kila behewa linatumia upepo wa tangi lake kukamata magurudumu.

Matokeo yake ni kwamba treni ikikatika vipande viwili, mipira ya upepo nayo inakatika, upepo unatoka, na vipande vyote viwili vinajifunga breki vyenyewe. Mashinisti hahitaji hata kujua. Madereva wa malori ya Bukavu wanaielewa kanuni hiyo, kwa sababu remoki yenye breki za upepo nayo inatakiwa kujifunga ikikatika kutoka kwenye lori.

Lakini kinga hiyo inafanya kazi tu kama mambo fulani yametimizwa. Bomba liwe zima mpaka behewa la mwisho. Bilula za upepo zilizo kati ya mabehewa ziwe wazi zote. Moja ikifungwa, mabehewa yote yaliyo nyuma yake hayaipati amri ya mashinisti. Viatu vya breki viwepo na visiwe vimeisha. Treni yenye mabehewa 15 ambamo breki zinafanya kazi kwa 4 tu, ikikatika nyuma ya hayo manne, inaachia mabehewa 11 yaende yanakotaka.

Na kuna jambo moja ambalo treni inatofautiana na lori. Lori la kisasa likipoteza upepo hukamatwa na springi, na springi haichoki. Behewa la treni linakamatwa na upepo ulio ndani ya tangi, na upepo huvuja. Baada ya saa kadhaa, breki zinaachia zenyewe. Treni iliyosimama mlimani kwa muda mrefu lazima ifungwe kwa breki za mkono, behewa baada ya behewa.

Jiwe chini ya gurudumu

Historia imeandika mara nyingi kinachotokea watu wanapolitegemea jiwe.

Tarehe 12 Juni 1889, karibu na Armagh nchini Ireland, treni ya matembezi iliyojaa watoto ilishindwa kupanda mlima. Wafanyakazi waliamua kuikata katikati ili kupeleka nusu ya kwanza kwanza. Waliweka mawe chini ya magurudumu ya nusu ya nyuma. Sehemu ya mbele ilirudi nyuma kidogo tu ilipokuwa inaondoka, ikagusa ya nyuma, mawe yakapondeka. Mabehewa yakateremka na kugonga treni iliyokuwa inakuja. Watu 80 walifariki. Mwaka ule ule, bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kulazimisha treni za abiria kuwa na breki zinazojifunga zenyewe.

Miaka 113 baadaye, tarehe 25 Mei 2002, jiwe lilirudi. Huko Tenga, karibu na Maputo nchini Msumbiji, treni yenye mabehewa ya abiria na ya mizigo ilipata hitilafu. Mabehewa ya abiria yalitenganishwa na ya mizigo, yakazuiwa kwa mawe. Yaliponyoka, yakateremka na kugonga ya mizigo. Watu 192 walifariki.

Haukupita hata mwezi na nusu. Tarehe 24 Juni 2002, treni ya abiria iliyokuwa na watu zaidi ya 1.200 ilisimama mlimani katika eneo la Igandu, mkoa wa Dodoma, Tanzania, kwenye reli ile ile ya kati inayokwenda Kigoma. Ilianza kurudi nyuma, ikashika kasi na kugongana na treni ya mizigo. Watu 281 walifariki. Ni moja ya ajali mbaya zaidi za reli zilizowahi kutokea Afrika.

Nchi tajiri nazo hazijapona. Julai 2013, huko Lac-Mégantic nchini Canada, treni ya matangi 72 ya mafuta iliachwa mlimani usiku. Upepo ulivuja, breki za mkono zilizofungwa zilikuwa chache mno, treni ikateremka hadi katikati ya mji na kulipuka. Watu 47 walifariki.

Katika ajali hizi nne, hakuna hata moja iliyoanza kwa taya kuvunjika. Tatizo lilikuwa breki, au mabehewa yaliyoachwa mlimani bila kushikwa vizuri. Chuma kingeweza kuwa kizima kabisa, na watu wangekufa vilevile.

Dakika tano

Kwenye mteremko wa mita 1 kwa kila mita 100, behewa lisilo na breki huanza kwa upole unaodanganya. Sekunde 10 za kwanza linakwenda polepole kuliko mtu anayetembea. Baada ya dakika 1 lina mwendo wa kilomita 15 kwa saa, na mtu mwenye mbio bado anaweza kulifikia na kukaza breki ya mkono. Baada ya dakika 5 limefika zaidi ya kilomita 70 kwa saa na limekwisha kwenda kama kilomita 3. Hapo hakuna jiwe, hakuna mti, hakuna mtu atakayelisimamisha. Kona ya kwanza ndiyo itakayoamua.

Kwa sababu hiyo, kazi inayookoa watu hufanyika kabla treni haijaondoka, na haihitaji mitambo ya ajabu. Ni kutembea kwa miguu kutoka kichwa mpaka mkia, kugonga na kuangalia kila taya, kuona kama kuna ufa au kutu unaotoka kwenye kona, kupima kama imeliwa kupita kiasi. Ni kuhakikisha bilula zote ziko wazi. Na jaribio kubwa kuliko yote: mashinisti apunguze upepo, na mtu aliyesimama kwenye behewa la mwisho aone kwa macho yake kwamba breki zake zimekamata. Behewa la mwisho likikamata, bomba ni zima. Lisipokamata, treni isiondoke.

Kwa SNCC, kununua vichwa vya treni peke yake hakutoshi. Mradi wa uchukuzi uliogharimiwa na Benki ya Dunia kuanzia mwaka 2010 ulileta lokomotivu mpya, lakini kichwa chenye nguvu kinachovuta mabehewa ya zamani yenye taya zilizochakaa, juu ya reli iliyodidimia, kinaongeza mvuto mahali palipo dhaifu. Viatu vya breki, mipira ya upepo na taya za akiba havipigiwi picha siku ya sherehe. Ndivyo vinavyorudisha watu nyumbani.

Nao wasafiri wanaolazimika kupanda treni za mizigo wana machache wanayoweza kujikinga nayo. La kwanza ni kutokaa kamwe juu ya kiungio au kati ya mabehewa mawili: hapo ndipo mshtuko wote unapopita, na mabehewa yakiachana, hapo ndipo pa kuanguka. La pili ni kushika kitu imara kila treni inapoondoka na inapovuka kilele, kwa sababu mshtuko hufika nyuma baada ya mbele kutulia. La tatu ni kutokubali kubaki ndani ya behewa lililokatwa na kuachwa mlimani kwa mawe. Hapo ni kushuka na kukaa mbali na reli.

Huko Ngomo, kijana wa konvoyeri ataendelea kuruka na jiwe lake, kwa sababu mara nyingi ndiyo breki pekee anayoiamini. Jiwe hilo limeokoa wengi. Lakini likionekana chini ya gurudumu, tayari linasema kitu kuhusu gari: kwamba kabla ya kuondoka Kamanyola, hakuna aliyeangalia kama breki za nyuma zinakamata.